Mbiu ya Mgambo: Kiswahili na Mwitikio wa Umma kwa Uvamizi wa Kagera, 1978–1979

Utangulizi

Vita vya Kagera vimeandikwa zaidi kama historia ya majeshi. Yapo maelezo ya vikosi vilivyovuka mto, madaraja yaliyovunjwa, miji iliyotekwa na hatimaye dikteta aliyekimbia nchi yake. Yapo pia maelezo ya kidiplomasia yanayohusu Umoja wa Nchi Huru za Afrika na msimamo wa serikali za jirani. Kilichoandikwa kwa uchache ni jinsi wananchi wa Tanzania walivyoupokea uvamizi ule, na hasa maneno waliyoyatumia kuuelewa, kuueleza na kuukabili. Upungufu huu unashangaza, kwa kuwa vita hivi ni miongoni mwa vita vichache vya karne ya ishirini barani Afrika ambavyo nchi nzima ilihamasishwa kwa lugha ya Kiafrika. Amri, tangazo, habari ya gazeti, hotuba ya Rais, shairi la msomaji na mkutano wa kijiji vyote vilikuwa katika Kiswahili.

Mhadhara huu unajadili mwitikio huo kwa kuyafuatilia maneno machache: uvamizi, mgogoro, kumpiga, nduli, mgambo na ukombozi. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili cha mwaka 1978 kiliwapa wananchi namna ya kumtaja mtenda kosa bila kuyumba, na kwamba uwazi huo ndio uliozaa umoja uliowashangaza wengi. Hata hivyo, uwazi uo huo uliacha kivuli. Wapo watu na gharama ambazo lugha ya umma haikuzitaja, na mtafiti wa leo hana budi kuzitafuta.

Usuli wa uvamizi

Jenerali Idi Amin aliiangusha serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Tanzania, chini ya Rais Julius Nyerere, ilikataa kuutambua utawala huo na ikampa Obote hifadhi. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania na kushindwa. Ndege za Amin zikaishambulia Bukoba. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ulizima moto bila kuondoa kuni. Mwaka 1975, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Kampala, Tanzania ilisusia mkutano huo. Mwaka 1976 Amin alitangazwa kuwa rais wa maisha wa nchi ambayo haikuwa na bunge wala uchaguzi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kulikalia eneo la Tanzania lililo kaskazini mwa Mto Kagera, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo sasa ni sehemu ya Uganda, na Redio Uganda ikajisifu kuwa kazi hiyo imekamilika kwa dakika 25 tu. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Raia waliuawa, wanawake walinajisiwa, mifugo ilisombwa kwa maelfu, na kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kusini ya mto wakiwa na kile walichoweza kubeba kichwani.

Ikumbukwe kwamba Tanzania yenyewe wakati huo ilikuwa nchi ya chama kimoja. Chama Cha Mapinduzi kilikuwa kimeundwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP. Wananchi walipiga kura, na katika majimbo mengi walichagua baina ya wagombea wawili, lakini wote walitoka chama hicho. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo yalikuwa ya chama, Daily News lilikuwa la serikali, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo kila mtafiti anayesoma sauti ya umma katika kurasa za mwaka ule anaisoma kupitia chujio. Jambo hili litarejewa baadaye. Kwa sasa itoshe kusema kwamba chujio si sawa na kizibo: haliwezi kupitisha kisichokuwepo.

Uvamizi au mgogoro?

Suala la kwanza lililozuka lilikuwa la jina. Tukio lile liitweje? Kwa Amin, ilikuwa haki ya kurudisha ardhi na adhabu kwa uchokozi wa Tanzania. Kwa Watanzania, ulikuwa uvamizi. Kwa serikali nyingi za Afrika, ulikuwa mgogoro baina ya nchi mbili ndugu, nao ulihitaji usuluhishi.

Tofauti ya maneno haya si ndogo. Uvamizi ni nomino iliyotokana na kitenzi vamia, nacho ni kitenzi elekezi: hakikamiliki bila anayevamia na anayevamiwa. Anayesema uvamizi amekwisha kumtaja mkosaji, hata kama hakutamka jina lake. Mgogoro ni neno la namna nyingine. Katika kamusi za zamani lilikuwa na maana ya kikwazo, kitu kinachoziba njia. Baadaye likachukua maana ya ugomvi na kutoelewana. Halina mtenda wala mtendwa. Huambatana na kihusishi baina, na baina hudai pande mbili zilizo sawa. Anayesema mgogoro baina ya Tanzania na Uganda amekwisha kugawa lawama nusu kwa nusu kabla hajasikiliza shauri.

Hapa ndipo ulipokuwa uchungu wa Watanzania dhidi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Umoja huo ulikuwa umepitisha azimio huko Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni iheshimiwe. Amin aliuvunja mpaka hadharani na kutangaza kuimega nchi nyingine. Pamoja na hayo, wajumbe waliofika Dar es Salaam walileta usuluhishi, wala hawakuleta kauli ya kumlaani mvamizi. Nyerere aliwataka kwanza walaani uvamizi, ndipo mazungumzo yafuate. Nchi chache, Msumbiji na Zambia zikiwa mbele, zilisimama na Tanzania waziwazi, na Msumbiji ilituma askari wake. Nyingine zilibaki katika lugha ya mgogoro. Mkulima wa Iringa au Lindi ambaye hakuwa amesoma azimio lolote aliielewa hoja hii bila shida, kwa sababu lugha yake ilikuwa imekwisha kuitofautisha: mwizi aliyeingia nyumbani hana mgogoro na mwenye nyumba.

Sarufi ya kumpiga

Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Nyerere alilihutubia taifa. Katika hotuba ile yalikuwamo maneno matatu ambayo tangu siku hiyo hayajatoka katika vinywa vya watu: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Wengi wameyasifu kwa ari yake. Ni vema pia kuyatazama kwa muundo wake, kwa kuwa nguvu yake imekaa humo.

Kwanza, mpangilio. Sentensi ya kawaida ingesema tuna uwezo wa kumpiga. Msemaji alitanguliza yambwa na kukiacha kitenzi mwisho, hivi kwamba kila kishazi kinatua juu ya umilikaji: tunao, tunayo, tunayo. Nafsi ya kwanza wingi inarudiwa mara tatu, na msikilizaji anajikuta ndani yake bila kuulizwa. Upatanisho wa ngeli unafanya kazi ya vina. Kwa jamii iliyolelewa katika ushairi, kauli ya namna hii huingia kichwani kwa kusikiwa mara moja.

Pili, hoja. Uwezo, sababu na nia ni vitu ambavyo msikilizaji wa Kiswahili huvidai kwa yeyote anayetaka kutenda jambo zito. Nia ni neno ambalo Mwislamu analijua katika swala na saumu yake, na ambalo Mkristo analisikia katika mahubiri. Sababu ni neno la mahakamani na barazani. Kwa hiyo vita havikutangazwa kwa hasira. Vilitolewa hoja kama shauri mbele ya wazee, na hasira iliachiwa msikilizaji mwenyewe aipime.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, kitenzi chenyewe. Msemaji hakusema kupigana naye. Kauli ya kutendana, yenye kiambishi -an-, huwaweka wawili katika tendo moja kama washirika, nayo ingeirudisha maana ya mgogoro kwa mlango wa nyuma. Alisema kumpiga. Tena kiambishi cha yambwa ni -m-, cha umoja, wala si -wa-. Anayepigwa ni mmoja. Waganda, Wanyankole, Waacholi na wengineo hawakuingizwa ndani ya silabi ile.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na kauli za Amin mwenyewe. Siku zilezile alipendekeza ugomvi umalizwe ulingoni kwa masumbwi, yeye na Nyerere, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Magazeti ya dunia yalicheka. Ukipima kisarufi, hata hivyo, mzaha ule ulikuwa na kazi: uliutoa uvamizi katika kumpiga na kuupeleka katika kupigana, mahali ambapo wawili huingia kwa hiari, kwa kanuni moja, na kutoka wakiwa wameshikana mikono. Vijiji vilivyochomwa havikuwa na nafasi katika ulingo huo.

Nduli

Neno lililoshika mahali pa jina la Amin katika vinywa vya Watanzania lilikuwa nduli. Halikuzaliwa mwaka 1978. Lilikuwamo katika Kiswahili kwa maana ya mtu mkatili, mwenye kiu ya damu, ila halikuwa la matumizi ya kila siku. Vita vililitoa kabatini. Katika muda wa majuma machache lilikuwa redioni, magazetini, katika nyimbo za bendi za muziki wa dansi, katika ngonjera za wanafunzi na katika kurasa za mashairi. Mpaka leo kwa Watanzania wengi neno hilo haliwezi kutamkwa bila jina la mtu mmoja kufuata.

Nafasi ya neno hilo katika sentensi inastahili kuangaliwa. Nduli Idi Amin ni muundo ule ule wa Rais fulani, Jenerali fulani, Mzee fulani. Amin alikuwa amejilimbikizia vyeo: alhaji, daktari, fildimashali, rais wa maisha, mshindi wa dola ya Kiingereza. Kwa neno moja la silabi mbili, wananchi walimvua vyeo vyote na kumvika kingine. Huo ni ufundi wa zamani wa Waswahili, ambao hupenda kumshinda mkubwa kwa kumpa jina kabla ya kumshinda kwa mkono.

Faida ya kisiasa ya neno hilo ilikuwa ile ile ya kiambishi -m-. Liliikusanya hatia yote kwa mtu mmoja na kuwaacha Waganda wakiwa majirani. Wakimbizi wa Kiganda waliokuwa Tanzania hawakugeukwa kwa ujumla wao; kinyume chake, Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi na kuunda umoja wao, ambao ndio uliotwaa serikali baada ya Amin.

Lakini lugha haizuii kila mkono. Januari 1979 majeshi ya Tanzania yalipoiteka Mutukula, upande wa Uganda, askari walilipiza kisasi kwa kuubomoa mji na kuwaua raia. Nyerere alipopata habari hizo aliamuru raia na mali zao wasiguswe. Hata hivyo, Masaka na Mbarara zilipoangukia mikononi mwa Watanzania mwezi Februari, majengo mengi yalivunjwa kwa kisasi cha yale yaliyotendwa Kagera. Katika matukio haya, -m- ilikuwa imegeuka -wa-. Anayeisifu sarufi ya hotuba ile hana budi kuyataja haya pamoja nayo; vinginevyo sifa zake zitakuwa nusu ya habari.

Mbiu na mgambo

Methali husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe, na mgambo, kwa maana yake ya zamani, ni tangazo la hadhara linalopigiwa pembe ili watu wakusanyike. Katika Tanzania huru neno hilo lilihamishwa kutoka tangazo hadi kwa watu wanaolitikia: mgambo wakawa raia waliofundishwa silaha huku wakiendelea na kilimo, uvuvi au kazi zao za ofisini. Uhamisho huu wa maana ulithibitishwa na vita. Jeshi la Wananchi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilikua katika miezi michache hadi kupita 150,000, na katika hao mgambo walikuwa kiasi cha 40,000. Wengine walitoka Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa.

Mwitikio huo ulipitia njia zilizokuwapo tayari. Katikati ya miaka ya 1970 wakazi wengi wa mashambani walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengine kwa ridhaa na wengine kwa nguvu. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Taarifa iliyotoka redioni asubuhi iliweza kuwa ajenda ya mkutano jioni. Vijiji vilichanga ng'ombe, mbuzi, mahindi na fedha. Mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na vyakula. Katika mikoa iliyo mbali kabisa na mpaka, vijana walijitokeza kwa vita vya eneo ambalo hawakuwahi kuliona.

Je, hiari ile ilikuwa ya kweli? Swali hili ni halali, na jibu lake halipatikani kwa kusoma magazeti pekee. Katika mfumo wa balozi wa nyumba kumi, asiyechanga alijulikana, na aliyenung'unika alijulikana zaidi. Gazeti la chama halikuwa mahali pa kuuliza kama vita vingeweza kuepukwa. Hata hivyo, upo ushahidi ambao hauwezi kuagizwa na ofisi yoyote. Watu hawaagizwi kulipenda neno. Serikali ya wakati ule ilibuni misemo mingi, na mingi ilikufa siku ileile iliposomwa. Uwezo, sababu na nia ziliendelea kuishi, zikabadilishwa mpangilio na watumiaji wake, zikahamia kwenye viwanja vya mpira na majukwaa ya kampeni. Kauli ambayo umma unaendelea kuitumia kwa shughuli zake wenyewe, miongo kadhaa baada ya tukio, ni kauli ambayo umma uliipokea.

Ushahidi mwingine umo katika fasihi. Utungaji wa tenzi za vita ni jadi ya Waswahili. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuutamalaki mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya vita vya Maji Maji. Mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada, na mwaka mmoja kabla yake Baldwin Mzirai alikuwa amechapisha kwa nathari kitabu chake Kuzama kwa Idi Amin. Upya wa utenzi wa Muhanika uko katika jambo moja linalobadili jadi yenyewe: tenzi za awali zilisimulia jinsi wenyeji walivyoshindwa na mgeni mwenye nguvu, ilhali huu unasimulia vita ambavyo wenyeji walishinda.

Kiswahili cha pande mbili

Jambo moja hulifanya suala hili kuwa gumu kuliko linavyoonekana. Kiswahili hakikuwa lugha ya Watanzania peke yao. Kilikuwa pia lugha ya jeshi la Amin. Yeye mwenyewe alijiunga na jeshi la kikoloni la KAR mwaka 1946, na Kiswahili cha kambi za jeshi hilo ndicho alichokua nacho. Mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Kwa Waganda wengi, basi, hii ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mwenye bunduki anayedai kitambulisho. Maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika usemi wa Uganda wa miaka ile yanaonyesha hali hiyo: magendo kwa biashara ya mlango wa nyuma, na mafutamingi kwa wale waliotajirika ghafla kwa kugawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972.

Aprili 1979 Kiswahili kingine kikaingia Uganda. Tarehe 11 Kampala ilianguka, na Amin alikuwa amekimbia. Askari wa Tanzania walipokewa kwa vifijo, na Waganda wakawaita bakombozi, yaani neno la Kiswahili lililovalishwa kiambishi cha Kiganda. Makombora yao waliyaita sabasaba. Kwa muda mfupi lugha ile ile iliyokuwa ya mtesi ilisikika pia kuwa ya mwokozi.

Muda huo haukudumu. Serikali ya Yusuf Lule iliishi siku 68 tu; uchaguzi wa Desemba 1980 ulipingwa; majeshi ya Tanzania yalipoondoka mwaka 1981 Uganda ilikuwa inaingia katika vita vingine. Katiba ya Uganda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, lakini hofu ya zamani imechukua muda mrefu kufifia. Fundisho kwa wanaisimu ni kwamba lugha haibebi wema wala ubaya kwa asili yake. Hubeba kumbukumbu ya yule aliyeitumia mlangoni pa mtu usiku.

Ukombozi na bei yake

Mwanzoni Tanzania ilisema kwamba kazi yake ni kumtoa mvamizi. Katikati ya Novemba 1978 Amin alitangaza kwamba anaondoa majeshi yake, na kabla ya mwaka kwisha eneo lilikuwa limerudi. Vita havikukoma hapo. Libya ilituma askari kumsaidia Amin, na majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalisonga mbele mpaka yalipofika mpaka wa Sudan, mwanzoni mwa Juni 1979. Neno uvamizi halikuweza tena kubeba safari yote hii. Mahali pake pakachukuliwa na ukombozi. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya mwingine. Godfrey Binaisa, aliyekuwa Rais mpya wa Uganda, aliitetea. Swali la jina lilirudi kwa sura nyingine: je, aliyemfuata mwizi hadi nyumbani kwake naye ni mvamizi?

Kitenzi komboa, kwa maana yake ya asili, kinahusu kitu kilichowekwa rehani au mtu aliyeshikwa. Hukombolewa kwa kulipa. Watanzania walilipa. Gharama ya vita imekadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, nayo iliiangukia nchi iliyokuwa ikikabiliwa na bei kubwa ya mafuta na bei ndogo ya mazao yake. Rais aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na mikanda haikufunguliwa. Katika foleni za sukari, sabuni na khanga za mwanzo wa miaka ya 1980, miezi kumi na minane ikawa kauli ya kejeli. Hapa umma ulijibu tena, safari hii kwa mzaha na si kwa ngonjera. Mtafiti anayesoma mashairi ya ushindi na kuacha mizaha ya foleni amesoma nusu ya mwitikio.

Waliokuwa mpakani

Kimya kikubwa zaidi, hata hivyo, ni cha watu wa mpakani wenyewe. Mpaka ule ni mstari ulionyooka, digrii moja kusini ya ikweta, uliowekwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa mwaka 1890. Mto hauko juu ya mstari. Uko kusini yake, na ardhi iliyo katikati ndiyo iliyovamiwa. Lugha pia haziko juu ya mstari. Kihaya na Kinyambo cha upande huu ni ndugu wa karibu wa Kinyankole cha upande ule, na watu wameoana, wamezikana na kuuziana ng'ombe tangu kabla ya mkataba. Mwanamke aliyekimbia kwenda kusini ya mto mwaka 1978 huenda alimwacha shangazi yake kaskazini ya mpaka. Kilio chake hakikuwa katika Kiswahili, na kwa hiyo hakikuingia katika kumbukumbu za redio wala za gazeti. Taifa lilimsemea. Lilimsemea kwa nia njema na kwa ufasaha, lakini halikumwuliza.

Mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina na kuitwa Kagera. Jina la mto uliovukwa na adui likawa jina la mkoa mzima, na huko Kaboya, wilayani Muleba, yakawekwa makaburi ya askari waliokufa. Hizo ni heshima zinazostahili. Raia waliouawa mashambani mwao, wanawake walionajisiwa, na watoto waliopotea njiani hawana mahali panapowataja kwa kiwango hicho.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba umma wa Tanzania uliujibu uvamizi wa Amin kwa lugha iliyomtaja mtenda, ikakataa usawa wa uongo baina ya mvamizi na mvamiwa, na ikamtenga dikteta na watu wake. Hayo ni mafanikio ya kimaadili yaliyojengwa kwa nyenzo za kawaida kabisa za sarufi: kitenzi elekezi badala ya nomino isiyo na mtenda, kauli ya kutenda badala ya kutendana, kiambishi cha umoja badala ya cha wingi. Nchi nyingi zilizovamiwa zimeshindwa hapo, zikaanza kwa kumchukia mtawala na kumaliza kwa kuchukia kabila.

Umeonyesha pia kwamba ufasaha wa taifa unaweza kufunika sauti ya mtu mmojammoja. Walioshuhudia uvamizi wakiwa watu wazima sasa ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua. Kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha jirani ni kwenda Kyaka, Mutukula na Minziro, kusikiliza kwa Kihaya, Kinyambo na Kiganda, na kuandika yanayosemwa kabla hayajazikwa na wasemaji wake. Mbiu ya mwaka 1978 ilisikika na nchi nzima ikaitikia. Walioisikia wakiwa karibu zaidi bado hawajapewa zamu ya kusema.